Ng'ombe Hali Nyasi

Mwambie mfugaji wa Ilbissil, huko Kajiado, siku ya mnada kwamba ng'ombe wake hajawahi kula nyasi, naye atakuona mtu wa mjini usiyejua mbele wala nyuma ya mnyama. Ameuona ulimi ukizikunja nyasi, meno yakizikata, koo likizishusha. Hata hivyo elimu ya vijidudu inasema hivyo hivyo, bila kutia chumvi. Mwili wa ng'ombe hauna kimeng'enya cha kuvunja selulosi, ile nyuzi ngumu inayoyapa majani umbo. Ng'ombe hukata, humeza, hucheua, huloanisha. Wanaokula ni wengine: bakteria, arkea, kuvu na protozoa wanaoishi katika tumbo lake la kwanza, gizani, penye joto la nyuzi 39 hivi na pasipo na oksijeni. Katika mililita moja ya uji wa tumbo hilo mna bakteria wapatao bilioni 10. Hao ndio wanaovunja selulosi, na katika kuivunja hutoa asidi nyepesi, mojawapo ikiwa ile ile ya siki. Asidi hizo hupenya ukuta wa tumbo na kuwa nguvu ya mnyama. Kisha wafanyakazi wenyewe husukumwa hadi matumbo yanayofuata, humeng'enywa huko, na sehemu kubwa ya protini anayopata ng'ombe ni miili yao.

Ndama huzaliwa bila wakazi hawa. Tumbo lake la kwanza bado ni dogo na halijaanza kazi. Maziwa hulipita yakateremkia tumbo la nne. Wakazi huwapata kidogo kidogo, kwa kulambwa na mama, kwa kunyonya chuchu yenye vumbi la boma, kwa kutafuna majani yaliyokwisha kuguswa na midomo ya wenzake. Urithi huu haupiti katika mbegu. Hupita kwa ujirani.

Mmarekani Robert Hungate, aliyebuni njia za kukuza vijidudu wasiovumilia oksijeni, alifika Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1950 akalinganisha kasi ya uchachu katika matumbo ya zebu na ya wanyama wa porini. Kitabu chake kikuu kuhusu tumbo hilo kilitoka mwaka 1966, na wanafunzi wa fani hii bado wanakirejea. Leo, kwenye taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, jijini Nairobi, ng'ombe huingizwa katika chumba kilichofungwa na kupimwa methani anayoitoa. Methani hiyo huandikwa kwa jina la ng'ombe katika hesabu za tabianchi, ilhali mwili wake hauwezi kuitengeneza hata chembe. Watengenezaji ni arkea wa tumboni. Hapo kazi ya maabara inageuka kuwa falsafa, hata kama mtafiti hakukusudia. Kama anayekula si yeye, na anayetoa gesi si yeye, huyu anayeitwa ng'ombe mmoja ni nani?

Swali halikomei zizini. Mwaka 2016 watafiti watatu, Ron Sender, Shai Fuchs na Ron Milo, walirudia hesabu iliyokuwa imenakiliwa kwa miongo kadhaa bila kuhakikiwa, ile iliyodai kwamba bakteria mwilini ni mara kumi ya seli za binadamu. Walipata kwamba mwanamume wa kilo 70 ana seli zake trilioni 30 hivi, na bakteria trilioni 38 hivi, ambao kwa pamoja wana uzito wa gramu 200 tu. Hesabu mpya ni ya kiasi zaidi, na ndiyo maana inaaminika. Lakini haikuliondoa jambo lenyewe. Ndani ya kila mtu, wageni wanakaribia kulingana na wenyeji au kuwazidi. Tena hata wenyeji wana asili ya ugeni. Mitokondria, vile vijumba vinavyoipa kila seli nguvu, vilikuwa bakteria huru waliomezwa na seli nyingine zamani za kale wakabaki humo. Mwanabiolojia Lynn Margulis alitoa hoja hiyo mwaka 1967, wakati wengi walipoiona ya ajabu, na leo imo katika vitabu vya shule.

Kitengela, huku Kajiado, ni mahali pazuri pa kuulizia habari za mpaka kati ya mwenyeji na mgeni. Si zamani sana tambarare hii ilikuwa ranchi ya kikundi, chini ya sheria ya mwaka 1968 iliyowapa wafugaji hati ya ardhi kwa pamoja. Ikagawanywa, kila mwanachama akapata hati yake, hati zikakatwa tena vipande, na leo barabara ya Namanga imejaa mabango ya ploti za hamsini kwa mia. Mwenye ploti hujua pa kwake kwa bikoni nne. Dhana iliyozoeleka ya mwili inafanana na hiyo: ngozi ni ua, ndani ni mimi, nje ni wengine. Vijidudu hawatambui bikoni.

Sasa mtu huyo huyo akiingia kanisa la mabati siku ya Jumapili, au msikiti siku ya Ijumaa, atasikia akiambiwa kwamba yeye, peke yake, ataulizwa. Hakuna atakayebebeshwa mzigo wa mwenzake. Dini zote mbili kubwa za Kitengela zimesimama juu ya mtu mmoja mwenye nafsi moja, mwenye kutenda na mwenye kujibu. Je, mtu huyo yupo? Au hadubini imemtawanya?

Wapo wanaodhani kwamba swali hili limeletwa na sayansi ili kuitikisa imani. Historia inasema vingine. Augustino, askofu wa Hippo, mji uliokuwa pwani ya Algeria ya leo, alihangaika nalo katika kitabu cha mwisho cha Mji wa Mungu, kazi aliyoimaliza karibu mwaka 426. Aliuliza: mtu akiliwa na mwenzake aliyesukumwa na njaa, nyama hiyo itafufuka katika mwili wa nani? Naye Imamu Ghazali, mwaka 1095, alipokuwa akiwajibu wanafalsafa waliokana ufufuo wa miili, alitumia hoja ambayo mwanabiolojia wa leo angeikubali: vitu vinavyoujenga mwili hubadilika tangu utotoni hadi uzeeni kwa sababu ya chakula, na bado mtu ni yule yule, kwa kuwa nafsi yake ni ile ile. Wazee hawa wawili hawakuwahi kusikia habari za bakteria. Walijua tu kwamba mwili hukopa kila siku, na kwamba umoja wa mtu hauwezi kutafutwa katika nyama.

Wenye taabu kubwa zaidi na umoja ni watafiti wenyewe, kwa sababu njia yao ya kujua ilijengwa juu ya kutenganisha.

Robert Koch ndiye aliyeiweka njia hiyo katika miaka ya 1880. Kabla yake vijidudu walikuwa mchanganyiko katika supu. Yeye aliwatandaza juu ya uso mgumu, kila kimoja kikazaa kundi lake, na kundi likachukuliwa peke yake likiwa safi. Uso huo mgumu ulitokana na ujuzi wa jikoni: Fanny Hesse, mke wa mmoja wa wasaidizi wa Koch, ndiye aliyependekeza agari, ute wa mwani aliokuwa akigandishia vyakula vyake. Kwa njia hii Koch alikitambua kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882, na uhai wa mamilioni ya watu umeokolewa kwa kufuata nyayo zake. Mtu asiidharau. Lakini Koch huyu huyu alipokuwa Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898 aliona katika damu ya ng'ombe vimelea vidogo ambavyo leo vinajulikana kuwa vya ndigana kali, akavidhania kuwa hatua mojawapo ya ugonjwa mwingine. Damu ile ilikuwa na zaidi ya kimelea cha aina moja kwa wakati mmoja. Jicho lililozoea kutafuta mhalifu mmoja liliwaona wawili likawahesabu mmoja.

Ukitaka kuona ukomo wa njia ya kutenganisha, shuka Magadi. Barabara inatoka Kiserian, inateremka ngazi za Bonde la Ufa, inapita Olorgesailie ambako Louis na Mary Leakey walifukua mashoka ya mawe katika miaka ya 1940. Hapo Olorgesailie kuna tabaka nyeupe za udongo mwepesi, na weupe huo ni magamba ya diatomu, mwani wa seli moja walioishi katika ziwa lililokauka zamani. Watalii hupiga picha za mashoka. Tabaka zile nyeupe huzikanyaga tu, ingawa ni makaburi ya viumbe wasiohesabika, na ndizo zinazowaambia wanajiolojia lini ziwa lilijaa na lini lilipungua.

Mbele yake ni Ziwa Magadi lenyewe. Kampuni ya kuchimba magadi ilianza mwaka 1911, na kiwanda kingali kinafanya kazi. Maji yake ni ya alkali, pH yake inapita 10, chemchemi zake nyingine zinazidi nyuzi 80 za joto, na ukoko wa magadi hufunika sehemu kubwa ya ziwa. Mgeni huona jangwa la chumvi. Ila rangi nyekundu inayotanda katika madimbwi yake ni uhai: arkea wapenda chumvi, kwa wingi usioweza kudhanika, wakiwa na rangi yao wenyewe. Arkea hawakujulikana kuwa tawi la peke yake la uhai hadi Carl Woese na George Fox walipowatangaza mwaka 1977. Miaka saba baadaye watafiti Tindall, Ross na Grant walieleza jenasi mbili mpya za arkea wanaopenda chumvi na magadi kwa pamoja, na baadhi ya spishi zao zilitoka hapa Kajiado. Moja ikapewa jina la ziwa. Nyingine, Natronobacterium gregoryi, ikapewa jina la J. W. Gregory, mwanajiolojia aliyelichunguza Bonde la Ufa.

Kumkuza kiumbe kama huyu maabara ni kazi ya subira. Lazima atengenezewe kwao: chumvi iwe karibu kushindwa kuyeyuka, magadi yatiwe, joto lipande, na kisha kungojea kwa siku nyingi. Hata hapo ni wachache wanaokubali. Katika mazingira mengi hukadiriwa kwamba wanaoota kwenye sahani hawafiki asilimia 1 ya wale wanaoonekana kwa hadubini. Waliobaki hawajafa. Wamekataa upweke. Mmoja anaishi kwa haidrojeni anayotupa jirani yake. Huyo jirani angekwama kama haidrojeni hiyo isingeondolewa. Ukiwatenga umewaua wote wawili, kisha utaandika kwenye daftari kwamba hawakuwepo.

Ndipo watafiti wakageukia DNA. Mwaka 2016 kundi la Wakenya, wakiwemo Anne Kambura, Romano Mwirichia na Hamadi Boga, profesa wa chuo kikuu cha JKUAT ambaye baadaye alikuwa Katibu katika Wizara ya Kilimo, walichapisha orodha ya bakteria na arkea wa chemchemi za moto za Magadi na Magadi Ndogo. Hawakuhitaji kumkuza kila mmoja. Walichukua maji, matope na tandiko la vijidudu, wakatoa vinasaba vya wote kwa pamoja, wakavisoma. Ni ufundi mkubwa, na inafurahisha kuona majina ya Kenya juu ya makala kuhusu ziwa la Kenya. Lakini matokeo ya njia hii yana ugeni wake: ukoo wa viumbe wengi sana unajulikana kutoka kwenye mfuatano wa herufi tu. Umbo lao, chakula chao, namna wanavyoishi na wenzao, hakuna aliyeviona. Wanasayansi wamekubaliana hata namna ya kuwapa majina ya muda viumbe ambao hawajapata kuoteshwa.

Je, kumjua kiumbe ni kuwa na jina lake, au ni kuketi naye? Koch aliketi naye baada ya kumtoa kwao. Njia ya DNA inamwacha kwao bila kuketi naye. Zote mbili ni kweli nusu, na mtafiti mwadilifu anaishi kati ya nusu hizo.

Kisa cha yule Natronobacterium gregoryi kinaonyesha gharama ya kusahau hili. Mei 2016 kundi la watafiti nchini China, likiongozwa na Han Chunyu, lilitangaza kwamba protini ya arkea huyo wa Magadi inaweza kuhariri jeni ndani ya seli za binadamu. Dunia ilishangilia, maabara kutoka mabara mbalimbali zikajaribu. Hazikupata matokeo yale. Agosti 2017 makala ikaondolewa na waandishi wake wenyewe. Sababu za kushindwa zimejadiliwa na wenye fani, na hapa panatosha jambo moja ambalo halina ubishi: protini za viumbe wa chumvi kali zimeundwa kwa chumvi kali, na nyingi zikitolewa humo hushindwa hata kujikunja zipate umbo lao. Kitu kilichokuwa hai na mahiri katika ziwa la Kajiado kilitarajiwa kubaki kilivyo baada ya kunyang'anywa ziwa.

Na sasa kibuyu, ambamo hakuna anayetengwa.

Katika maboma ya Kajiado maziwa lala, ambayo Wamaasai huyaita kule naoto, hutengenezwa na wanawake. Kibuyu huoshwa, kisha husuguliwa ndani kwa kijinga cha moto cha oloirien, mzeituni mwitu, hadi moshi na masizi yashike kuta. Maziwa humiminwa, hufunikwa, huachwa kwa siku kadhaa. Hakuna anayetia hamira ya dukani. Kazi hufanywa na wakazi waliokuwemo tayari, waliosalia katika vinyweleo vya kibuyu baada ya moto kuwafukuza wengi na kuwabakiza baadhi. Mwaka 2004 Julius Maina Mathara na wenzake, katika ushirikiano wa watafiti wa Kenya na Ujerumani, walichapisha uchunguzi wa sampuli 22 za maziwa haya. Walikuta jamii yenye mpangilio: laktobasili ndio walioongoza, na miongoni mwao Lactobacillus plantarum alikuwa asilimia 60 hivi, akifuatwa na fermentum, paracasei na acidophilus. Pembeni walikuwepo enterokoki, laktokoki na lukonostoki.

Kinachostahili kutafakariwa ni kwamba wanawake hawa wamekuwa wakitunza jamii ya vijidudu kwa vizazi bila kumtenga hata mmoja. Hawana majina yao. Wana joto la kibuyu, harufu ya moshi, sauti ya maziwa yanapotikiswa, ladha ulimini. Kibuyu kinachoharibika hutupwa au huchomwa upya. Kizuri hutunzwa kwa miaka. Je, huo ni ujuzi? Chuo kikuu kingesita kujibu. Jibu sahihi ni ndiyo, na ni ujuzi wa aina ambayo njia ya Koch haiwezi kuutoa: kuwajua wengi wakiwa wengi. Mtafiti anaweza kuchukua aina ya bakteria kutoka kibuyuni, aigandishe maabara kwa nyuzi 80 chini ya sifuri, na baada ya miaka aiamshe. Atakuwa amemhifadhi plantarum. Hatakuwa amehifadhi kule naoto, maana hiyo huwepo pale tu wengi wanapokutana mahali pamoja chini ya mkono wa mtu.

Hapa ndipo wengi hukimbilia hitimisho tamu. Wanasema: tazama, hata bakteria wana utu, hata wao hupeana mikono, sayansi imethibitisha busara ya Afrika. John Mbiti, mwanatheolojia mzaliwa wa Kitui, aliandika mwaka 1969 juu ya mtu anayepata kuwa mtu ndani ya jamii yake, na hoja yake sasa inabandikwa juu ya kila sahani ya maabara. Ni kumdhulumu Mbiti. Yeye alizungumza juu ya wajibu, ndoa, wafu na watakaozaliwa. Jamii ya kibuyuni haina wajibu. Baadhi ya laktobasili hutoa sumu zinazowaua ndugu zao wa karibu kabisa, kwa kuwa ndugu ndiye anayegombea chakula kile kile. Asidi inayoyagandisha maziwa ni silaha pia: inawaangamiza wasioivumilia. Amani ya kibuyu ni ya walioshinda.

Tena kuna ndigana kali. Kimelea chake, kiletwacho na kupe, huingia ndani ya chembe nyeupe ya damu ya ng'ombe na kuifanya igawanyike bila kikomo, nacho kikigawanyika pamoja nayo, hadi mnyama afe ndani ya wiki chache. Huo nao ni ushirikiano wa karibu kupita kiasi. Nyati hubeba kimelea hicho hicho bila kuugua. Wafugaji wa tambarare za Kitengela wanajua jambo linalofanana na hilo kwa uchungu zaidi: nyumbu hubeba kirusi kisichowadhuru, ndama wao hukimwaga kwa pua na macho katika miezi yao ya mwanzo, na ng'ombe akikipata hufa. Ndiyo maana majira ya nyumbu kuzaa wafugaji huhamisha mifugo, wakiacha malisho mazuri kwa mnyama asiye wa kwao.

Mwumini aliyepoteza ng'ombe kumi anaweza kuuliza, na ana haki ya kuuliza, kwa nini Mungu aliumba kirusi hicho. Jibu la haraka kwamba ni adhabu ni jibu la ukatili, wala halilingani na mambo yalivyo: kirusi hakijui nani mwema. Lakini elimu ya vijidudu inaongeza neno ambalo wahubiri hawalitaji mara nyingi. Ubaya wa kirusi haumo ndani ya kirusi. Ndani ya nyumbu ni mkazi kimya. Kifo kinatokea mahali viumbe wawili wasiozoeana wanapokutana, na mara nyingi kukutana huko kuna mkono wa mtu ndani yake: ua lililofunga njia ya kuhama, ploti iliyokata malisho, mifugo iliyobanwa mahali pamoja na nyumbu kwa kukosa pa kwenda. Hili halimwondolei Mungu swali. Linamgawia binadamu sehemu yake.

Na sehemu hiyo ndiyo inayorudisha yule mtu mmoja aliyeonekana kutawanyika. Hadubini haimpati, na haitampata, kwa kuwa umoja wake si wa seli. Trilioni 38 haziwezi kuulizwa lolote. Ng'ombe haulizwi kuhusu methani. Arkea wa Magadi hawatahukumiwa kwa kisa cha mwaka 2016. Katika umati wote huu wa walio hai yupo mmoja anayeweza kusikia swali na kulijibu, na ni kwa kulijibu tu ndipo anapokuwa mmoja. Augustino na Ghazali waliuita umoja huo nafsi; mfugaji asiyesoma chochote kati ya hivyo hujua kwamba mwizi wa ng'ombe ni yule yule hata akizeeka. Mwili ni amana iliyojaa wasafiri. Mwenye kupokea amana ni mtu mmoja.

Jambo hili si la kinadharia kwa mtu anayeishi Kitengela. Katika maduka ya dawa za mifugo kandokando ya barabara, tetrasaiklini na penisilini huuzwa kwa chupa, na wafugaji wengi huwadunga wanyama wenyewe bila daktari. Hawafanyi hivyo kwa ujinga; daktari yuko mbali na ng'ombe anakufa leo. Lakini dawa inayodungwa kwa ajili ya kijidudu kimoja huwafikia maelfu ya aina nyingine ambazo hazikuwa na kosa. Wale wachache wenye jeni ya kuhimili dawa hubaki, na jeni hizo mara nyingi zimo katika plasmidi, vijiduara vya DNA ambavyo bakteria hupeana, hata wa spishi tofauti. Kilichojifunzwa ndani ya utumbo wa ndama kinaweza kuvuka hadi utumbo wa mtoto anayekunywa maziwa yasiyochemshwa. Bikoni haipo hapo pia.

Kila chupa ya dawa hizo ina maandishi madogo yanayotaja siku za kungojea, ambazo maziwa ya mnyama aliyedungwa hayafai kunywewa wala kuuzwa. Kwa familia inayotegemea lita chache kwa siku, hizo ni siku za hasara tupu, na hakuna afisa anayesimama kwenye mlango wa boma kuhesabu. Muuzaji anaweza kuyachanganya na maziwa ya wengine yakaelekea mjini. Viwanda vya maziwa vina kipimo cha kuwagundua watu wa namna hiyo, nacho kimejengwa juu ya bakteria hai: huwekwa katika maziwa, na wasipokua, maziwa yana dawa.

Kibuyu kinafanya kipimo kile kile. Maziwa yenye mabaki ya dawa yakimiminwa humo, laktobasili hulala au hufa, na siku ya tatu mama akifungua hukuta kitu kisichoganda, kisichonukia vizuri, wala kisichofaa kumpa mtoto. Kibuyu kilikuwa kizuri wiki iliyopita, na moshi ni ule ule. Hapo huwaita wanawe waliochunga wiki hiyo na kuwauliza ni nani aliyemdunga ng'ombe, na lini.